Piano ni ya Masikio au ya Macho?

Katika kila fani wapo watu wa namna mbili: afanyaye kazi ili kazi itengenee, na afanyaye kazi ili aonekane akiifanya. Tumewazoea wote wawili miongoni mwa wasemaji na waimbaji. Leo tuwatazame katika kumbi za muziki za Ulaya, ambamo mtu mmoja huketi mbele ya piano, kinanda kikubwa chenye vibao 88 vya kubonyeza, na umati mzima hunyamaza kumsikiliza.

Aliyezifundisha kumbi hizo madoido ni Franz Liszt, mzaliwa wa Hungaria (1811–1886). Mwaka 1832, akiwa Paris, alimsikia Paganini, fundi wa fidla, akaazimia kuifanyia piano yale aliyoyafanya Paganini katika fidla. Alijifunza kwa saa nyingi kila siku, na ufundi akaupata. Walakini hakutosheka na kupiga tu. Aliigeuza piano ubavu ili watu wamwone uso na mikono, akapiga kwa ghibu bila ya karatasi, akatikisa nywele zake ndefu, na akawa peke yake jukwaani tangu mwanzo hata mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi. Huko Berlin, katika msimu wa baridi wa 1841 na 1842, watu walirukwa na akili. Yasimuliwa kuwa wanawake waligombania glavu zake. Mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine akaupa wazimu huo jina: Lisztomania.

Mtazame sasa mshindani wake, Sigismond Thalberg. Tarehe 31 Machi 1837 wote wawili walipiga Paris, nyumbani kwa Bibi Belgiojoso, kuwachangia wakimbizi wa Kitaliano. Thalberg alikuwa mtu wa kuketi wima, ametulia kama asomaye barua. Lakini sauti zilizotoka zilikuwa kama za mikono mitatu, kwani wimbo aliupitisha kwa vidole gumba katikati ya kinanda, na vidole vingine vikauzunguka juu na chini. Basi ni dhahiri ya kwamba kujitikisa si sharti la ufundi.

Je, kila mwendo wa mwili ni ulaghai? La. Hatuna budi kupambanua. Ndani ya piano kila kibao hurusha nyundo ndogo ikagonge waya. Nyundo ikisharuka, mpigaji hana tena amri juu ya pigo lile, ila kuiacha sauti ivume au kuinyamazisha. Kwa hivyo linalotangulia pigo, kama uzito wa mkono na ulegevu wa bega, lina kazi, maana ndilo liamualo kasi ya nyundo. Ama mkono unaopaa hewani baada ya pigo, na kichwa kinachotupwa nyuma, havizidishi katika sauti ile hata chembe. Hiyo ni sehemu ya jicho.

Na jicho lina nguvu. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay, naye mwenyewe mpiga piano, alitoa uchunguzi wake. Aliwapa watu vipande vifupi vya fainali za mashindano ya muziki, wakisie nani alishinda. Waliotazama picha bila ya sauti walipatia zaidi kuliko waliosikia sauti bila ya picha, na wataalamu nao yakawakuta yayo hayo!

Ndiyo maana lawama kubwa naiweka kwa wanaoketi vitini. Mpigaji ashangiliwaye kwa kurusha mikono, kesho atairusha zaidi, na kijana anayejifunza huiga kile tunachokipigia makofi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Liszt chema alikuwa nacho, na bado alikitembeza. Hasara ni kwamba waigaji waliweza kuchukua kule kutembeza wakakiacha chema. Yeye mwenyewe, mwaka 1847, akiwa na miaka 35, aliacha kupiga kwa malipo. Miaka iliyobakia alitunga, na wanafunzi wengi akawafundisha bure.

Vladimir Horowitz, bingwa wa kasi na ngurumo, alirudi Moscow Aprili 1986 baada ya miaka 61. Kwa umri wa miaka 82, mwili umetulia, akapiga Träumerei ya Robert Schumann, kipande kifupi ambacho hata mwanafunzi hukipiga. Kamera zikaonyesha watu wazima wakitokwa na machozi. Na Sviatoslav Richter, katika miaka yake ya mwisho, alizimisha taa za ukumbi, akabakisha moja ndogo juu ya karatasi yake, ili watu wausikilize muziki wasimtazame yeye.

Sisemi kumbi zote zitiwe giza. Nasema hivi: ukimkuta mpigaji anayesifiwa, fumba macho kwa dakika chache. Ikiwa kilichokupendeza bado kipo, msifu wala usimbanie. Ikiwa kimetoweka, basi umekwisha kujua ulikuwa ukisifu nini.