Mahali pa Kitabu

Mkutubi ameshika kitabu cha Israel Katoke kuhusu ufalme wa Karagwe, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1975. Anapitia yaliyomo, anasoma dibaji, kisha nyuma ya ukurasa wa jina anaandika kwa penseli: 967.8. Chini yake: KAT. Mtazamaji atadhani kazi imekwisha. Lakini kitabu hicho kina watawala, kina koo, kina ng'ombe, kina kuja kwa wakoloni, na hakiwezi kukaa rafu mbili kwa wakati mmoja. Lazima mtu aamue. Uamuzi huo ndio ufundi ninaousifu.

Tarakimu hizo asili yake ni Melvil Dewey, Mmarekani aliyetoa mpango wake mwaka 1876 akiwa na umri wa miaka 24: elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu likigawanyika tena kwa kumi. Mwaka huohuo msafiri Stanley alikuwa Karagwe, mgeni wa mfalme Rumanyika, akionyeshwa nyumba ya hazina yenye vitu vya shaba na chuma. Sidhani kama Dewey alikuwa na habari za Rumanyika. Mpango wake unamfichua: dini zilipewa mafungu ya 200, Ukristo ukatandaza mikeka karibu chumba kizima, na Uislamu ukabanwa kwenye 297.

Mipaka nayo ina ukaidi wake. Mtu wa Murongo, wilayani Kyerwa, anavuka daraja la mto Kagera na kuwa Kikagati, Uganda, kabla jua halijapanda. Rafuni, historia ya ng'ambo ile iko 967.61, ya Rwanda 967.571, ya kwake, Tanzania, 967.8. Koo zilizotapakaa pande zote za mto zimekatwa vipande na desimali.

Hata mgomba haukusalimika. Mama wa Kinyambo, mwenyeji wa Karagwe, akiingia shambani anajua huu ni wa kupika, ule wa kuchoma, ule pale wa pombe. Kwake matumizi na mmea ni habari moja. Maktaba inatenganisha. Kulima ndizi ni 634.772, kuzipika ni 641, na anayetaka kujua rubisi, pombe ya ndizi, inavyochachuka aende 663. Yote ni sawa kwa hesabu za Dewey, na yote yanamchosha mkulima wa Nkwenda aliyekuja na swali moja.

Hapo ndipo mkutubi hodari anapojitofautisha na mpanga vitabu. Mpanga vitabu anafuata namba. Mkutubi anamfikiria mtu atakayekuja kuuliza, tena kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye katalogi anaandika kadi ya ziada: Ndizi, tazama pia Pombe za kienyeji. Karagwe, historia, tazama pia Safari, ambako Speke, aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1861, amewekwa pamoja na wasafiri. Tazama pia Lugha za Kibantu, ambako kamusi ya Runyambo ya Josephat Rugemalira inamsubiri msomaji. Kitabu kinakaa mahali pamoja, lakini njia za kukifikia zinakuwa nyingi. Kadi hizo hazina jina la aliyeziandika, na kazi ikiwa nzuri hakuna anayekumbuka kumshukuru.

Kompyuta imerahisisha kutafuta neno. Haijui, mpaka iambiwe na mtu, kwamba rubisi na ndizi ni ndugu.

Nina ombi kwa wenzangu wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Mnachapisha historia za koo, za parokia na dayosisi, za vyama vya kahawa, halafu nakala zinaishia kabatini kwa katibu. Pelekeni moja Maktaba ya Mkoa, Bukoba, na nyingine kwa mwalimu wa maktaba wa shule iliyo karibu. Akiwauliza kitabu kinahusu nini, msimjibu kwa neno moja. Mtajieni yote, ayaandikie kadi.