Ratiba Ilikufa Ijumaa, Ikazikwa Jumatatu

Anayetaka kuilaumu programu na ailaumu, mimi simo. SkySolver, ile programu ya GE ambayo Southwest Airlines walikuwa wakiitegemea kupanga upya kruu, yaani marubani na wahudumu, safari zinapovurugika, ilifanya Desemba 2022 kazi ileile iliyotengenezewa, na ikakwama mahali ambapo programu yoyote ingekwama. Kosa ni la watu. Watu wazima, wazoefu, waliokaa makao makuu Dallas na kuacha siku moja baada ya nyingine ndege ziendelee kuruka ilhali hawajui marubani wao wamelala mji gani.

Mtaniambia dhoruba. Dhoruba naijua, na ninyi mliiona kwenye runinga kama mimi: Denver na Chicago, ngome mbili kubwa za Southwest, ziliganda kwa wakati mmoja, vifaa vya uwanjani vikagoma, watu wa mizigo wakawa wanapokezana ili vidole visife ganzi. Lakini barafu ile haikuchagua nembo. Delta na United walikuwa chini ya mawingu yaleyale, na ilipofika Jumatatu tarehe 26 walikuwa wameshaanza kupumua. Southwest siku hiyo walifuta safari zaidi ya 2,900. Kufikia tarehe 31 jumla ilikuwa 16,900, na abiria waliokwama walipita milioni 2.

Turudi Ijumaa tarehe 23, maana hapo ndipo penye mchezo wenyewe.

Programu ya kupanga upya kruu inachukua picha ya hali ilivyo: ndege ipi iko wapi, rubani yupi yuko wapi, kila mmoja amebakiza saa ngapi za kazi kisheria. Kutoka hapo inatafuta njia nafuu ya kwenda mbele. Ukifuta safari ya kesho asubuhi, inakupa jibu zuri. Ukifuta safari ya nusu saa ijayo, inahangaika kidogo lakini inakupa. Ukifuta safari ambayo rubani ameshafika getini, kisha ukafuta na ile aliyopaswa kuiwahi, kisha ya mwenzake aliyekuwa akimsubiri huko, jibu likitoka tayari limechacha. Andrew Watterson, mkuu wa uendeshaji wa Southwest, alilieleza hilo mwenyewe mbele ya kamati ya Seneti tarehe 9 Februari 2023: programu ilijengwa kushughulikia yaliyopo na yajayo, na wao walikuwa wakiilisha yaliyokwisha kupita.

Sawa. Sasa mmejua kwamba picha mnayoipa mashine si ya kweli. Mnafanya nini?

Walishika simu. Wapangaji walirudi kwenye kazi ya mkono, wafanyakazi wa makao makuu wakajitolea kusaidia, na kruu nchi nzima wakaanza kupiga simu Dallas kueleza walipo. Vyama vya marubani na wahudumu vimesimulia watu waliokaa na simu sikioni kwa masaa. Hapo kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni. Saa za kazi za rubani zinahesabiwa tangu anaporipoti, si tangu magurudumu yanapoiacha lami. Sheria ya Marekani inawapa marubani wawili kati ya saa 9 na 14, kutegemea zamu imeanza saa ngapi. Rubani aliyeripoti alfajiri, kisha akashinda kwenye benchi la uwanja wa ndege akisikiliza muziki wa kusubirishwa, saa zake zinateketea. Anapopokelewa hatimaye na kuulizwa kama anaweza kuipeleka ndege iliyo mbele yake, jibu ni hapana. Ndege ipo, abiria wapo, rubani yupo, na hakuna safari.

Ikaja sehemu iliyonifanya niandike safu hii. Southwest wenyewe walieleza kwamba mara kadhaa wapangaji walikaribia kabisa kumaliza kuwaoanisha kruu wote na ndege zao, kisha kitu kikabadilika, wakabomoa na kuanza upya. Watu wengi walisoma maelezo hayo wakawaonea huruma wapangaji. Mimi pia niliwahurumia, lakini nikajiuliza: kilichokuwa kikibadilika ni nini? Hali ya hewa ilikuwa na sehemu yake, sikatai. Sehemu kubwa, kwa hesabu yangu, ni kwamba ndege zilikuwa bado zinaondoka! Kila 737 iliyoruhusiwa kuruka ilibeba marubani wawili na wahudumu watatu au wanne kutoka mji ambao daftari linawajua na kuwashusha kwenye mji ambao daftari haliwajui. Ni kufunga hesabu ya duka huku mlango uko wazi, wateja wanaendelea kununua, na mwenye duka anashangaa kwa nini mali haikubaliani na kitabu.

Ungefunga mlango. Mwenye duka yeyote Kariakoo angefunga.

Southwest hasa ndio waliopaswa kufunga mapema kuliko wote, kwa sababu ya namna mtandao wao ulivyo. Delta ana Atlanta. Ikivurugika, kruu wengi watarudi Atlanta na utawahesabu hapo. Ndege ya Southwest hutembea kama mchuuzi, mji hadi mji, na kruu wake wanatembea nayo au wanaihama njiani. Siku njema ni mtindo wa faida kubwa. Siku mbaya kila mji unakuwa na mabaki yake. Na siku mbaya walikwishaziona: Julai 2016, ruta moja ilipoharibika na safari zaidi ya 2,000 zikafutwa, Oktoba 2021, nyingine zaidi ya 2,000. Casey Murray wa chama cha marubani alisema wiki chache kabla ya dhoruba kwamba radi moja au ruta moja ingetosha kuwaangusha. Hakuwa mtabiri, alikuwa anasoma kumbukumbu za mwaka uliopita.

Walisimama Jumatatu. Wakatangaza theluthi moja tu ya ratiba hadi tarehe 29, wakarudisha kruu na ndege mahali pake, na tarehe 30 shirika likaruka karibu kama kawaida. Kazi safi, nawapa. Lakini dawa iliyoponya kwa siku nne ingenywewa Ijumaa, wagonjwa wangekuwa wachache mno.

Kwa nini haikunywewa Ijumaa? Wasomaji wa siku nyingi wanajua naelekea wapi, na wakitaka waruke aya hii. Katika shirika la ndege, mfumo wa kuuza tiketi ukichechemea dakika kumi, mkurugenzi anaamshwa usiku. Mfumo wa kruu ukichechemea mwezi mzima, anaamshwa mpangaji. Southwest walihamia mfumo mpya wa tiketi wa Amadeus mwaka 2017, mradi mkubwa uliosimamiwa vizuri. Tarehe 7 Desemba 2022, wiki mbili kabla ya kuanguka, walitangaza kurudisha gawio kwa wanahisa, senti 18 kwa hisa. Mbele ya duka panapakwa rangi, stoo inavuja.

Nimefanya kazi stoo hiyo. Miaka ya nyuma nilikuwa mtu wa TEHAMA wa zamu ya usiku katika shirika moja ambalo sitalitaja, kazi yangu ikiwa kuhakikisha mfumo wa kruu unaamka asubuhi. Usiku mmoja wa mvua ndege tatu zilielekezwa viwanja visivyo vyake na mfumo ukaanza kutupangia rubani mmoja miji miwili. Mpangaji wa zamu, dada mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alivuta kaunta buku kutoka kwenye droo, akachora kwa rula mistari mitatu: jina, amelala wapi, ameripoti saa ngapi. Akaniambia, "Mdogo wangu, zima hiyo. Hapaondoki kitu mpaka nijaze ukurasa huu." Nikasema sina mamlaka ya kuizima. Akasema hata yeye hana. Tukaizima. Ukurasa ulijaa baada ya saa mbili na nusu, safari za alfajiri zikachelewa zote, na kufikia saa nne asubuhi kila ndege ilikuwa na watu wake. Yeye alipewa barua ya onyo. Mimi nilipewa ya kwangu wiki iliyofuata.

Ndiyo maana nikisoma habari za Dallas siulizi programu ilikuwa na umri gani. Nauliza ni nani Ijumaa ile alikuwa na ruhusa ya kusema zima.

Waliotangulia hawakuhitaji kuulizwa. Mwaka 1972 Southwest hiihii, changa na maskini, ililazimika kuuza ndege yake ya nne. Bill Franklin, aliyesimamia kazi za uwanjani, alianza na kilichopo mkononi, ndege tatu, akarudi nyuma kwenye hesabu mpaka akapata kwamba ratiba ya ndege nne itabebeka iwapo kila ndege itakaa getini dakika kumi tu. Mtasema ndege tatu si mia saba na ushee. Kweli, lakini aliyekuwa na mia saba hakuanza na kilichopo mkononi, alianza na ratiba. Na C. R. Smith wa American Airlines, aliyekutana na Smith mwingine, mtu wa IBM, ndani ya ndege mwaka 1953, mazungumzo yakazaa SABRE, mfumo wa kuhifadhi siti, alikuwa bosi wa shirika aliyejua kwamba swali la siti ngapi zimebaki ni swali la uendeshaji, akaliwekea mashine mbili kubwa za IBM mwaka 1960 wakati wengine wakihangaika na kadi. Leo bosi wa shirika akizungumza teknolojia anazungumzia aplikesheni ya simu.

Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliwapiga Southwest adhabu ya dola milioni 140 Desemba 2023, sehemu kubwa ikiwa ni fidia kwa abiria, na hasara yenyewe ilipita dola bilioni 1. GE waliiboresha programu ili iweze kushughulikia na yaliyopita. Machi 2023 shirika lilitoa mpango wa kujirekebisha wenye sehemu tatu: shughuli za majira ya baridi, kuharakisha uwekezaji katika mifumo ya uendeshaji, na idara kushirikiana vizuri zaidi. Magari ya dawa ya kuyeyushia barafu yakaongezwa.

Barafu ndiyo waliyoiweka namba moja.