Tuma picha ya nyuma



Katika group yetu kuna swali moja linarudi karibu kila wiki. Mtu anaweka picha ya chupa mbili tatu za mafuta ya kupakala, anaandika: "Ipi iko bien?" Majibu yanaingia mbio mbio. Mmoja anasema hii inanukia muzuri. Mwingine: hii ni ya bei, basi iko sérieux. Wa tatu: hii njo yaya yangu alipakala mbele ya mariage, akang'aa. Wa ine anafunga mjadala: hiyo inatoka Abidjan, usiogope. Mara ya mwisho nilihesabu majibu 27. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuona nyuma ya chupa.

Na ni sisi hao. Watu waliotetea mémoire mbele ya jury, watu wanaojua kumuuliza mwenzao "source yako ni gani?" Lakini kwa kitu tunachopakala mwili mzima kila asubuhi, tunakubali ushahidi wa harufu. Kwa hiyo leo sitaki kukosoa chupa kwanza. Nataka kukosoa namna yetu ya kulinganisha. Mbele ya chupa mtengenezaji anajisifu. Nyuma analazimika kujieleza. Kama ni kulinganisha, tulinganishe nyuma na nyuma.

Nyuma inasomwa namna gani?

Ile orodha ya maneno madogo madogo inayoanza na "Ingrédients" ina kanuni yake. Kiungo chenye uzito mkubwa kinaandikwa wa kwanza, kisha kinachofuata, kisha kingine, mpaka kufika 1%. Vile vilivyo chini ya 1% mtengenezaji anaweza kuvipanga namna anavyopenda. Majina nayo hayakuwekwa kwa kutuficha. Maji yanaitwa "Aqua", miti na matunda yanabaki na majina ya Kilatini, ili mtu wa Lubumbashi na mtu wa Paris wasome neno moja. Shida ni kwamba hakuna aliyetupa ufunguo.

Tuchukue chupa tatu za aina tunazoziona kila siku, bila kutaja jina la mtu.

Ya kwanza ni losyo kubwa, rangi ya machungwa, na picha ya karoti mbichi yenye majani. Mbele imeandikwa "éclat", "naturel", "à l'huile de carotte". Muuzaji anasema: "Mama, hii njo iko natoka sana." Geuza. Aqua. Paraffinum Liquidum. Glycerin. Cetearyl Alcohol. Kisha majina kadhaa ya kushikamanisha maji na mafuta, kisha ya kuzuia isioze. Parfum. Baada ya parfum, njo unaona "Daucus Carota". Na mwisho kabisa: CI 15985.

Tusome pole pole. Maji ndiyo mengi kupita vyote. Paraffinum Liquidum ni mafuta meupe yanayotokana na petroli na kusafishwa. Si sumu, yanafunika ngozi ili maji yasitoke, lakini ni ya bei ndogo na hayana undugu wowote na karoti. Glycerin inavuta maji na kuyashika katika ngozi. Cetearyl Alcohol isikutishe kwa jina: si pombe ya kukausha, ni kitu cha mafuta mafuta kinachofanya losyo iwe nzito. Karoti yenyewe, Daucus Carota, imekaa nyuma ya parfum, na katika losyo parfum kawaida iko karibu na 1% ama chini yake. Basi ile rangi nzuri ya machungwa inatoka wapi? CI 15985 ni rangi ya kiwandani, ile ile inayotiwa katika vinywaji na bonbon. Mbele walikuuzia karoti. Nyuma wanakiri kwamba walikupakia rangi.

Chupa ya pili haina hata picha. Ni losyo ya glycerin, ya bei ndogo, ile tunayosema ni ya watoto ama ya watu wa kijiji. Geuza. Aqua. Glycerin. Paraffinum Liquidum. Cetearyl Alcohol. Parfum. Ni ukoo mmoja na ile ya karoti! Tofauti yake kubwa ni kwamba hapa glycerin imetangulia, na hiyo kwa ngozi kavu ni habari nzuri. Ukilipa mara tatu kwa ile ya kwanza, zile mara mbili za juu zimekwenda katika picha, harufu na rangi. Kama unapenda harufu, lipa harufu, haina shida. Lakini ujue unalipa nini.

Chupa ya tatu kwa kweli si chupa, ni kale ka tibu kadogo kama ka dawa ya meno. Mbele hakuna maneno mengi. Bei yake ni ndogo kupita zote. Watu wanakachanganya ndani ya losyo yao ili "ishike haraka". Nyuma kumeandikwa: "Clobetasol Propionate 0,05%".

Hapa mwanafunzi mwenye haraka anaweza kusema: 0,05%? Si ni kidogo sana? Na kanuni niliyoeleza hapo juu inaweza kumdanganya, kwa sababu inapima uzito, haipimi nguvu. Mfano: hydrocortisone ya 1% iko katika daraja la chini kabisa la dawa za ukoo huu. Clobetasol ya 0,05% iko katika daraja la juu kabisa. Ni dawa nzuri, dokta anaiandika kwa magonjwa magumu ya ngozi, na kawaida haipaswi kupita wiki mbili mfululizo, sehemu ndogo tu. Haikutengenezwa kuwa mafuta ya kupakala uso na mwili mzima kwa miezi.

Ikipakalwa hivyo, ngozi inakuwa nyepesi kama karatasi, mishipa inaonekana, mistari inachora mapajani na makwapani, chunusi zinajaa, vidonda vinachelewa kupona. Inaingia mpaka ndani ya damu na kufanya mwili uache kutengeneza cortisol yake wenyewe. Fikiria dada anayefika kuzaa kwa opération na ngozi ya namna hiyo. Dokta anapaswa kuishona.

Maneno matatu ya kukariri

Sikuombi ujue kemia yote. Jua maneno matatu, yanatosha kuokoa mtu.

La kwanza nimeshalitaja: clobetasol, pamoja na ndugu zake kama betamethasone. Yakiwa nyuma ya kitu kinachouzwa kama mafuta ya urembo, rudisha. Hiyo ni dawa, na dawa inaenda na ordonnance.

La pili ni "Hydroquinone". Inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Mwaka 1975 Findlay na wenzake, madaktari wa Afrika Kusini, waliandika juu ya wagonjwa waliotumia kreme za hidrokinoni kwa muda mrefu: nyuso zao zilikuwa na mabaka meusi ya kuelekea buluu na vipele vidogo. Ugonjwa huo unaitwa okronosi, na ni vigumu sana kuuondoa. Soma tena: kreme ya kuweupisha iliweusha, na kwa rangi isiyo ya mtu. Afrika Kusini iliondoa hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliikataza kama kitu cha kung'arisha ngozi mwaka 2001. Kwa majirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018 serikali ilianza kutoa kreme za namna hiyo madukani. Mtu wa Goma anavuka Gisenyi kwa miguu. Bidhaa nazo zinajua njia.

La tatu ni zebaki, mercure. Nyuma inaweza kujiita "Calomel", "Mercurous Chloride", "Mercuric Iodide" ama "Ammoniated Mercury", zaidi katika sabuni na kreme. Inaharibu figo, inamfikia mtoto tumboni, na inahama kutoka ngozi ya mama hadi kwa watu wanaoishi naye nyumbani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017, unataka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni.

Juu ya maneno ya mbele

Angalieni pia lugha ya mbele. Zamani waliandika wazi "éclaircissant". Neno hilo lilipoanza kuleta maneno, likabadilishwa nguo: "unifiant", "éclat", "teint parfait". "Unifiant" inasema nini? Inasema ngozi yako haina umoja, ina kosa la kusahihishwa. Halafu kuna "sans hydroquinone". Vizuri, lakini hiyo inakuambia kisichokuwemo tu. Ikiwa inang'arisha kwa siku saba na hakuna hidrokinoni, swali la mwanafunzi ni moja: ni nini basi kinachofanya kazi?

Na "naturel". Zebaki ni ya asili, inatoka ardhini. Upande mwingine, tazama sabuni ya kawaida: "Sodium Palmate". Hiyo ni mawese iliyopikwa na soda. "Elaeis Guineensis" ni ngazi yetu, mti ambao mwaka 1911 ulimleta Lever huku Kongo kutafuta mafuta ya sabuni zake. Unaweza kukataa mafuta ya mbegu za ngazi ya bibi yako, ile watu wa Kinshasa wanaita manyanga, kwamba ni ya kizamani, kisha ukalipa dolari kumi kwa "Elaeis Guineensis Kernel Oil" katika chupa ya kioo. Ni mti ule ule, Kilatini ndicho kimeongezwa bei.

Nasikia mtajibu

Mtasema: ngozi ni yangu. Kweli, ni yako. Mtasema: kwa réception, kwa banque, wanachukua weupe. Sitawaambia mnaota, tumeona nani anakaa mbele na nani anawekwa nyuma. Lakini tuwe wakweli na hesabu. Anayekuajiri kwa rangi halipi matibabu ya ngozi. Ubaguzi huo ni wake, alama zinabaki kwako.

Mtasema pia: etiketi inaweza kudanganya. Hapo mmesema kweli, na ndiyo mpaka wa makala yangu. Kuna chupa ambazo nyuma yake ni ya uongo. Kuna nyingine hazina nyuma kabisa: ule mélange unaotengenezwa sokoni mbele ya macho yako, losyo, tibu mbili, unga kidogo, vinakorogwa ndani ya kopo lisilo na jina. Kusoma hakutashinda uongo wote. Lakini kunaondoa mzigo mkubwa: kopo bila orodha, hapana. Orodha bila jina la mtengenezaji na namba ya lot, hapana. Inayobadilisha rangi kwa siku chache huku orodha yake ni ya maji na glycerin tu, hapana, kuna kitu hakikuandikwa.

Na kama wewe unayesoma hapa tayari unatumia tibu kwa miezi, usione haya, na usiache ghafla leo usiku peke yako. Ngozi iliyozoea clobetasol inaweza kuwaka vibaya ikiachishwa mara moja, na mwili unaweza kudhoofika. Beba tibu yenyewe, nenda kwa dokta, mwonyeshe nyuma. Yeye atakuambia namna ya kupunguza. Hakuna anayekuhukumu hapa.

Kwa sisi wengine kazi ni ndogo. Kesho mtu ataweka tena picha ya chupa mbili na kuuliza ipi iko bien. Tusianze na harufu, bei wala mariage ya yaya. Tumjibu sote neno moja: tuma picha ya nyuma.