Dokezo Linavyomfikia Msomaji wa Mbali: Riwaya ya Upelelezi Inaposomwa Mbulu na Hanang

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi ndefu ambayo mhimili wake ni kosa la jinai lililokwisha kutendeka na juhudi za kumgundua aliyelitenda, hujengwa juu ya mgawanyo wa maarifa: mwandishi anajua yote tangu mwanzo, mpelelezi anajua sehemu, na msomaji hupewa kidogo kidogo kwa zamu ambayo mwandishi ameipanga. Uhakiki mwingi wa riwaya hizi katika Kiswahili umepita kando ya jambo hili, kwa kuwa wahakiki wamezoea ama kusimulia upya hadithi na kuitafutia funzo la maadili, ama kuiweka katika fungu la fasihi pendwa, yaani fasihi inayoandikwa ili kuwaburudisha wasomaji wengi, na kuiacha humo bila kuipima kwa vigezo vyake yenyewe. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kipimo cha kwanza cha ufundi wa riwaya ya namna hii ni jinsi dokezo linavyomfikia msomaji, na kwamba kipimo hicho huonekana waziwazi zaidi pale kitabu kinaposomwa mbali na mahali kilipowekwa, kama katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako mashamba ya karafuu ya Unguja na mitaa ya Dar es Salaam hujulikana na wengi kwa kusoma na kusikia tu.

Msomaji wa wilaya hizi anastahili kuelezwa, kwa sababu mara nyingi riwaya hizi hazikuandikwa huku mwandishi akimfikiria yeye. Katika Mbulu na Hanang zinakutana lugha zisizo na undugu wa karibu: Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kidatooga cha Wabarabaig na jamaa zao, ambacho ni cha Kinailoti, Kihadza cha wawindaji wa bonde la Yaeda, ambacho kimesimama peke yake, pamoja na lugha za Kibantu za majirani wa upande wa Singida. Kiswahili hapo ndicho lugha ya shule, ya ofisi, ya mnada na ya mikutano ya watu wasiosikilizana kwa lugha za nyumbani, na kwa wengi ni lugha ya pili waliyoipata darasani. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, ambazo kwa takwimu rasmi za serikali zilipunguza idadi ya watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma na kuandika kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, ziliongeza wasomaji wa aina hii katika kipindi kilekile ambacho riwaya fupi za upelelezi zilikuwa zikimiminika kutoka kwa wachapishaji. Mtu aliyesoma kitabu cha mpelelezi Bwana Msa au cha jasusi Willy Gamba huko Dongobesh, Haydom au Katesh alikuwa na maneno ya kutosha kuisoma hadithi, lakini hakuwa na kumbukumbu ya mahali ambayo mwandishi wa pwani angeweza kuitegemea imsaidie kujaza mapengo.

Dokezo ni kitu chochote kilichomo katika masimulizi ambacho, kikiunganishwa na vingine, humwelekeza msomaji kwenye ukweli uliofichwa. Ni lazima litofautishwe na hitimisho, yaani maana ambayo akili huitoa katika dokezo hilo. Mfugaji wa nyanda za Basotu anayefuata ng'ombe waliopotea huona alama za kwato zilizotobolewa na matone ya mvua, akajua kwamba mifugo ilipita kabla mvua haijanyesha. Akikuta alama za kwato ambazo kingo zake zimekatika safi juu ya tope, anajua kwamba walipita baadaye. Alama hizo ziko wazi kwa kila apitaye njiani, na kinachomtofautisha mfuatiliaji hodari na mpita njia ni hitimisho tu. Ndivyo riwaya ya upelelezi iliyo adilifu inavyofanya kazi: inamwekea msomaji alama zote mbele ya macho, kisha inamnyima tafsiri yake hadi mwisho. Riwaya isiyo adilifu humnyima alama zenyewe, na mpelelezi wake anapofumbua fumbo katika sura ya mwisho, msomaji huambiwa habari ya barua, ndugu au ufunguo ambao hakuwahi kuonyeshwa.

Ronald Knox, padri na mwandishi wa Kiingereza, aliyaweka madai haya mwaka 1929 katika kanuni kumi za riwaya ya upelelezi, na mbili kati yake zinahusu moja kwa moja mazingira ya Afrika Mashariki: ile inayomtaka mpelelezi asifiche dokezo lolote alilolipata, na ile inayokataza nguvu zisizo za kibinadamu zisiwe sababu ya kosa. Kanuni hii ya pili inaweza kuonekana kama ukuta mbele ya mwandishi wa jamii zinazoamini mizimu na uchawi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1918–1991), mwandishi wa habari ambaye hadithi yake ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, aliugeuza ukuta huo kuwa mlango. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, mwili wa mwenye mashamba aitwaye Ali Bomani unapatikana mahali pa tambiko, yaani mahali ambapo watu hupeleka nadhiri na sadaka kwa mizimu, na tangu hapo imani ya watu wa mahali pale inakuwa kifuniko kikubwa kilichofunika tendo la mtu.

Ufundi wa Abdulla hapa unahitaji kutazamwa kwa makini, maana ndio uliompa nafasi yake katika historia ya riwaya ya Kiswahili. Mzimu katika kitabu hiki unafanya kazi ya dokezo la kupotosha, yaani alama inayowekwa mbele ya msomaji ili imvute kwenye njia isiyofika. Lakini tofauti na dokezo la kupotosha la kawaida, ambalo ni mshukiwa mmoja mwenye sura mbaya au mienendo ya kutiliwa shaka, hili ni mfumo mzima wa maelezo ambao watu wenye akili timamu wanauamini kwa dhati. Abdulla hakuwafanya waumini hao kuwa wapumbavu, na kama angewafanya hivyo kifuniko chake kingekuwa chepesi mno. Nguvu zisizo za kibinadamu zimekatazwa katika jibu la fumbo, lakini zimeruhusiwa kabisa kukaa katika orodha ya washukiwa, na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko anayefanana na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle kwa mengi, analazimika kuushinda mzimu kabla hajamshinda muuaji.

Msomaji wa Mbulu anaingia katika fumbo hili akiwa na silaha zake mwenyewe. Katika imani za jadi za Wairaqw zipo roho ziitwazo neetlangw, ambazo makazi yake ni kwenye chemchemi na mito, na ambazo wazee walizichunga kwa tambiko. Kwa hiyo wazo la mahali penye wenyewe wasioonekana, ambapo mtu hapaswi kupaendea ovyo, halihitaji kufasiriwa kwake. Dokezo la kupotosha la Abdulla linamfikia likiwa na uzito wake wote, pengine zaidi kuliko linavyomfikia msomaji wa mjini aliyekulia mbali na matambiko. Kinachoweza kumpotea ni mambo mengine: nasaba za watu wa Unguja, heshima na chuki zinazofungamana na umiliki wa mashamba, na jinsi jina la mtu linavyotangaza ukoo wake au hali yake. Hapo ndipo kipimo cha msomaji wa mbali kinapomsaidia mhakiki. Ikiwa fumbo linafumbuliwa kwa jambo ambalo Mzanzibari analijua bila kuambiwa, mwandishi alipaswa kuliingiza jambo hilo katika masimulizi mapema, katika mazungumzo au maelezo yasiyojionyesha kuwa ni dokezo. Akifanya hivyo, msomaji wa Haydom na msomaji wa Malindi ya Unguja wanakaa meza moja. Asipofanya hivyo, kitabu kina wasomaji wa daraja mbili, na wale wa daraja la pili hawana njia ya kushindana na mpelelezi.

Kuna mwenzi wa Bwana Msa aitwaye Najum, ambaye kazi yake ya kifundi ndiyo hii hasa. Msaidizi asiyejua, anayeuliza maswali ambayo mpelelezi anaona majibu yake yako wazi, ni kifaa cha kumfikishia msomaji maarifa bila mwandishi kusimamisha hadithi na kuhutubia. Mhakiki anayemwona Najum kama kivuli tu cha Daktari Watson, msaidizi wa Holmes, amekosea nusu. Kwa msomaji wa bara, Najum ni mlango wa kuingilia, na kila swali lake linafaa kupimwa kwa kuuliza ni maarifa gani yangekosekana lisingeulizwa.

Kipimo kingine kinatokana na hali ya vitabu vya riwaya hizi vyenyewe: vilikuwa vidogo, vya karatasi nyepesi, na vilipokezanwa kwa mikono hadi gundi ikaachia. Nakala iliyopoteza kurasa zake za mwisho ni jambo ambalo msomaji yeyote wa riwaya pendwa wa kizazi kile analifahamu. Hasara hiyo, ingawa ni chungu kwa aliyekesha na kitabu, ni kipimo kizuri cha muundo. Riwaya ya fumbo iliyo adilifu inaweza kumaliziwa na msomaji mwenyewe, kwa kuwa kila kinachohitajika kimekwisha kutolewa; riwaya ya kusisimua ikipoteza mwisho haina jinsi, kwa kuwa kilichokatwa ni tukio, na tukio haliwezi kukisiwa kwa hoja.

Tofauti hii ndiyo inayomweka Aristablus Elvis Musiba katika mlango mwingine. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ilikuwa imekwisha kulihamisha kosa la jinai kutoka shambani kwenda mjini, na kumkabidhi uchunguzi Inspekta Wingo, mtu wa polisi mwenye mshahara na ofisi. Musiba alikwenda mbali zaidi: katika *Kufa na Kupona* (1974), *Kikosi cha Kisasi* (1979) na *Njama* (1981), jasusi Willy Gamba anapambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na swali la nani ametenda hutoa nafasi kwa swali la kama atazuiwa kabla ya saa fulani. Hilo ndilo liitwalo taharuki, yaani hali ya msomaji kujua hatari na kungoja matokeo yake. Ujuzi wa kungoja namna hii si mgeni Mbulu, kwa maana katika hadithi simulizi za Wairaqw, ambazo W. D. Kamera alizikusanya na kuzichapisha katika miaka ya 1970, kama katika hadithi nyingi za wanyama za Afrika Mashariki, msikilizaji anamjua mwenye hila tangu mwanzo, na raha yake ni kuona hila inavyofanya kazi na inavyomrudia mwenyewe.

Kumhukumu Musiba kwa kanuni za fumbo ni kumwonea, lakini msomaji wa mbali ana haki nyingine ambayo Musiba hakuitimiza sawasawa kila mara. Nairobi na Kinshasa za vitabu hivi zimejaa hoteli, barabara, magari na viwanja vya ndege vinavyotajwa kwa majina, na majina hayo humpa msomaji wa Katesh ahadi ya ulimwengu mpana. Hata hivyo, jina la barabara si barabara. Mbio za magari zinaposimuliwa, msomaji asiye na ramani kichwani anahitaji kujua umbali, mwelekeo na muda, ili hatari iwe na kipimo. Pale mwandishi anapovitoa vitu hivyo, taharuki hupanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona lami ya Kinshasa, na pale anapotoa majina peke yake, mbio hubaki kelele.

Wilaya ya Hanang ina sababu ya kuisoma riwaya ya njama ya aina ya Musiba kwa uzito zaidi kuliko ile ya fumbo. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig, na kijiji cha Mulbadaw kilipolishtaki shirika hilo, Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Hakukuwa na fumbo la nani aliyelima malisho, kwani matrekta yalionekana mchana kweupe. Kilichobishaniwa ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha, na ni ushahidi gani unaotosha kuthibitisha kwamba mfugaji anayehamahama ni mwenyeji wa ardhi yake. Riwaya ya upelelezi ya jadi huchukulia kwamba ukweli ukijulikana haki hufuata. Wasomaji waliopitia jambo kama lile wanajua kwamba kati ya ukweli na haki kuna hatua ndefu ya utaratibu, na wana haki ya kumdai mwandishi aionyeshe.

Ben Mtobwa, kupitia mpelelezi wake Joram Kiango, alichanganya njia hizi mbili: mara nyingi fumbo hufungua kitabu na taharuki hukifunga. Mchanganyiko huo humtaka mhakiki aoneshe ni katika sura gani kitabu kinabadilisha mkataba wake na msomaji, na kama madokezo yaliyotolewa kabla ya badiliko hilo yalilipwa au yaliachwa njiani. Kazi hii haihitaji kumfichua muuaji. Mhakiki wa *Mzimu wa Watu wa Kale* anaweza kumtaja Ali Bomani, mahali mwili ulipopatikana na imani iliyoufunika, kama ilivyofanyika hapa, bila kugusa jibu; kisha, katika daftari lake la kusomea, aandike katika safu ya kwanza ukurasa ambapo kila dokezo lilionekana kwa mara ya kwanza, na katika safu ya pili ukurasa ambapo Bwana Msa anatamka maana yake, na pale ambapo safu ya kwanza imebaki tupu, hapo ndipo pa kumuuliza mwandishi.