Ngumi Inayoonwa kutoka Juu

Gemu nzuri ya kupigana inayotazamwa kutoka juu utaitambua kwa jambo moja: ukifa, unajua nani kakuua, katokea wapi na ulipaswa kufanya nini. Picha, hadithi, muziki na wingi wa silaha vyote vinakuja nyuma ya hilo. Wengi wanaoshusha gemu hizi kwenye laptopu hapa Mpanda huanza kwa kusifia damu na mwanga, halafu gemu ikishawachosha siku ya tatu hawajui kilichowachosha ni nini.

Mtazamo wa juu una ugumu wake. Kwenye gemu ya ubavuni kama Aurion, iliyotengenezwa na Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, na kutoka mwaka 2016, unamwona mpiganaji mzima: goti linapanda, bega linarudi nyuma, mkono unavutwa. Kutoka juu unabaki na utosi, mabega mawili na ncha za viatu. Mtengenezaji kanyang'anywa karibu kila kitu ambacho mwili hutumia kutangaza kwamba pigo linakuja, na kazi yake ya kwanza ni kuzirudisha taarifa hizo kwa njia nyingine. Mwingine huinamisha bega kupita kiasi. Mwingine hurefusha kivuli, au humfanya adui asite kidogo kabla ya kurusha. Asipofanya lolote, utapigwa na watu usiowaelewa na utaanza kuilaumu padi.

Anayetaka kuelewa ishara ya pigo aende Hifadhi ya Katavi kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, mto Katuma ukishabaki madimbwi. Pale Ikuu viboko hubanana tumbo kwa mgongo na madume hugombania maji kidogo yaliyobaki. Mara nyingi dume huonya kwanza: hufungua kinywa mpaka meno yote yaonekane, hutikisa kichwa, husogea hatua moja na kusimama. Mwenzake ana muda wa kuamua kama anarudi nyuma au anapokea. Adui wa gemu naye akupe muda huo huo, mfupi lakini wa haki. Kipimo chake ni rahisi. Zima sauti, ingia chumba chenye maadui watatu, usipige mtu, kwepa tu. Ukiweza kukwepa kwa macho peke yake, gemu imesomeka. Ukipigwa kila mara na mtu ambaye hukuona mkono wake ukitembea, iache.

Sasa washa sauti upige. Hapa ndipo fundi hujitenga na mwanafunzi. Ngumi ikitua, tazama kwa makini: kwenye gemu iliyopikwa vizuri picha husimama kidogo sana, fremu mbili tatu, kabla ya adui kurushwa. Jicho halikioni kituo hicho waziwazi, lakini mkono unakihisi, na ndicho kinachoipa ngumi uzito. Kikikosekana, unapiga hewa. Kikizidi, gemu inakuwa kama inakwamakwama. Angalia pia aliyepigwa anaelekea wapi. Aende upande ule ule wa pigo, agonge ukuta kama ukuta upo, aangushe meza kama meza ipo. Adui anayetoweka tu akiacha doa la damu ni kazi ya mtu aliyechoka.

Mfano wangu wa kwanza daima ni Hotline Miami. Wasweden wawili, Jonatan Söderström na Dennis Wedin, waliitoa mwaka 2012, na picha zake ni za vijipikseli vikubwa ambavyo simu ya bei nafuu isingeona haya kuvionesha. Pigo moja linakuua, na mara nyingi pigo moja linamuua na adui. Tazama mlango. Ukiusukuma wakati mtu kasimama nyuma yake, unamwangusha chini, lakini bado hajafa: inabidi ummalizie, na wakati unammalizia umefungwa pale pale huku mwenzake anakuja na rungu. Mlango huo mmoja una mtego, faida na hatari, na hakuna maandishi yanayokueleza. Ukifa unabonyeza kitufe kimoja na umerudi mwanzo wa ghorofa ile papo hapo. Gemu inayoua mara nyingi haina ruhusa ya kukusubirisha. Ile inayokuonesha skrini nyeusi, kisha nembo, kisha ushauri, kila unapokufa, haijui yenyewe ni gemu ya aina gani. (Hii si gemu ya watoto, na mwenye kibanda cha gemu asiiweke mbele ya wanafunzi wa msingi.)

Ape Out ya mwaka 2019 ni somo jingine. Gabe Cuzzillo aliitengeneza akishirikiana na Bennett Foddy na Matt Boch, na ndani yake wewe ni gorila anayetoroka kifungoni. Sisi wa Katavi tunao sokwemtu kule msitu wa Ntakata, wilaya ya Tanganyika, gorila hatuna, lakini hasira ya mnyama aliyefungwa haihitaji mkalimani. Vitendo ni viwili tu: kusukuma na kukamata. Ukimkamata mlinzi, anakuwa ngao yako, na bunduki yake inafyatuka akiwa mikononi mwako. Muziki ni ngoma za jazi zinazofuata vurugu zako, na kila anayekufa anagongewa tasa. Ukifa, kamera inapanda juu na kukuonesha jengo zima pamoja na njia uliyopita, hivyo unaona ulivyobakisha hatua chache kufika mlangoni. Vyumba hupangwa upya kila unapojaribu, kwa hiyo huwezi kukariri, na hapo wengi hulalamika. Mimi naona mpangilio wa bahati unafaa pale tu ambapo adui anasomeka, na hapa anasomeka: kila mlinzi hunyanyua bunduki na kulenga kabla ya kufyatua. Gemu ikichanganya vyumba vya bahati na maadui wasioonya, hiyo ni kamari.

Mr. Shifty ya mwaka 2017 naitaja kwa sababu moja. Mchezaji anapenya kuta kwa kuruka kufumba na kufumbua, wazo tamu kabisa, lakini ilipotoka kwenye Nintendo Switch ilikuwa ikizubaa watu wakijaa chumbani. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inakupa picha mpya kila baada ya takriban milisekunde 17. Ikishuka hadi 30, unasubiri milisekunde 33, na ile ishara ya bega tuliyoisema inaweza kukupita. Basi usiipime gemu kwenye chumba cha kwanza chenye watu wawili. Ipeleke kwenye chumba kilichojaa, vioo vikivunjika na risasi zikiruka, kwa mashine yako mwenyewe, si ya kwenye video ya mtangazaji. Na kabla hujaihukumu, kagua televisheni: nyingi za bapa huichakata picha kabla ya kuionesha, na unabonyeza leo unapigwa kesho. Ingia kwenye mipangilio uweke hali ya gemu. Padi zilizochoka nazo, ambazo mhusika anatembea peke yake hujamgusa, zimezipa gemu nzuri jina baya.

Kwetu kuna kigezo kingine ambacho wahakiki wa Ulaya hawakitaji. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na aliyecheza wakati huo anajua thamani ya gemu inayohifadhi ulipofika bila kuombwa. Nikikuta steji ya dakika 40 isiyo na kituo katikati, naipunguzia alama bila huruma. Uzito wa faili nao nauhesabu, kwa kuwa bando linalipiwa. Hotline Miami haifiki hata GB 1, na imeshinda gemu nyingi zinazokula GB 50.

Hadithi sitaisemea sana. Ikiwepo, isinizuie kupigana. Mabosi vilevile: bosi mzuri anakuuliza maswali uliyojifunza kwenye steji, na bosi mbaya ni mtu wa kawaida aliyeongezewa damu.

Ukinunua kwenye Steam, kumbuka wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kabisa kwa vipimo vyote hivi: kukwepa bila sauti, uzito wa ngumi, kasi ya kurudi baada ya kifo, chumba kilichojaa.

Na wewe kijana wa Makanyagio au Kawajense unayetaka kutengeneza ya kwako, programu ya Godot ni ya bure tangu ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2014, na hata laptopu ya kawaida inaiendesha. Usianze na ramani ya Katavi nzima wala hadithi ya babu zetu. Tengeneza chumba kimoja, mraba mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, na ngumi moja. Wape rafiki zako padi bila kuwaeleza kitu. Wakicheza mpaka uwanyang'anye, anza kuchora. Wakiirudisha wenyewe baada ya dakika tano, futa ngumi hiyo uandike nyingine.