Ulinganifu na Majina: Upigaji Picha wa Ndani ya Kumbukumbu ya Gisozi, Kigali

Upigaji picha wa usanifu majengo una kanuni zake: mpigapicha husubiri chumba kiwe kitupu, hutumia lenzi pana, hunyoosha mistari ya kuta, kisha hutafuta ulinganifu wa mwanga na kivuli. Makala haya yanahoji kwamba kanuni hizo, zinapotumiwa katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali iliyoko Gisozi, huzaa picha nzuri iliyo bubu.

Kwingineko kanuni hizo zina uhalali. Makumbusho ya Kiyahudi ya Berlin, yaliyosanifiwa na Daniel Libeskind, yalitembelewa na umma yakiwa matupu kabla ya maonyesho yake kufunguliwa mwaka 2001. Pale, kuta zenye pembe kali na nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi ndizo zinazosema. Kupiga picha ya utupu ni kulisoma jengo lenyewe.

Gisozi hali ni tofauti. Jengo lililofunguliwa Aprili 2004 halijikwezi. Uzito wake umo katika vilivyotundikwa ndani. Maonyesho makuu yamepangwa kwa duara, yakimwongoza mgeni kutoka historia ya kabla ya 1994, kupitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hadi yaliyofuata. Katika chumba kimoja, picha zilizotolewa na jamaa za waliouawa zimening'inizwa safu kwa safu. Katika chumba cha watoto, kila picha kubwa ina maelezo mafupi: jina, umri, alivyovipenda mtoto, na namna alivyouawa.

Lenzi pana inapoingia humo, nyuso hugeuka miraba inayojirudia, na maelezo hugeuka mistari isiyosomeka. Vyumba hivyo vilipangwa ili idadi kubwa irudi kuwa mtu mmoja mmoja. Picha ya namna hii huwarudisha watu kuwa idadi.

Huenda ikajibiwa kwamba umbali huo ni sitara kwa marehemu. Hoja hiyo ina uzito, kwani picha iliyotolewa ili itazamwe chumbani haikutolewa ili isambazwe kila mahali. Hata hivyo, kufifisha uso bila kueleza ni wa nani hakumsitiri mtu. Humfanya pambo la ukuta.

Jawabu, basi, ni la kilugha kuliko la kiufundi. Tangu 2023 Gisozi, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Inapendekezwa kwamba kila picha ya ndani ya kumbukumbu hizi inayotumiwa katika vitabu vya shule, nyaraka za utalii na ripoti za kikanda iambatane na maelezo ya Kiswahili yanayotaja chumba, kilichotundikwa humo na nani anayekumbukwa, jina likitajwa kwa ridhaa ya jamaa. Lenzi pana ibaki na kazi yake ya kuonyesha chumba. Kazi ya kuwataja watu wa chumba hicho iachiwe maneno.