Nani Aliyesema Magari Yapite Kwanza?

Hukumu naitoa mapema, asiyeipenda afungue ukurasa wa michezo. Kuyaruhusu magari yakimbie kwenye leni mpya za barabara ya Kenol–Sagana–Marua kabla ya vivuko vya watembea kwa miguu kukamilika lilikuwa kosa la kitaalamu, na lilikuwa kosa la kuepukika. Wanasiasa wamelaumiwa, mkandarasi amelaumiwa, hata bodaboda wamebebeshwa lawama. Mimi namlaumu aliyeketi na ratiba ya kazi mbele yake akaamua kipi kitangulie.

Sifa za barabara yenyewe kwanza, maana hazichukui nafasi. Lami ni nzuri, mifereji imepangwa vyema, na lori likipanda kutoka Sagana kuelekea Karatina haliburuti tena msururu wa magari nyuma yake. Basi.

Wengi wenu mmepita humo, kwa hiyo sitaanza na ramani. Kilomita 84, vipande viwili vilivyogawanywa hapa hapa Sagana: 48 kutoka Kenol na 36 kwenda Marua. Fedha nyingi ni za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kazi ilianza 2020. Barabara ya zamani ilikuwa na leni moja kila upande. Utaratibu ukawa ule wa kawaida: jenga upande mpya magari yakiendelea kutumia wa zamani, yahamishe, tengeneza wa zamani, kisha fungua zote. Hapo kwenye "fungua zote" ndipo ninapotaka tusimame.

Siku moja kabla ya kufunguliwa, mtu wa Sagana alikuwa akivuka mita saba za lami. Dereva alikuwa nyuma ya lori la mchanga, mwendo wa kilomita 40 kwa saa au 50. Mtu aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka. Siku iliyofuata mtu ni yule yule, stendi ni ile ile na kibanda cha ndizi hakijahama, ila gari sasa linakuja kwa 100. Pigeni hesabu pamoja nami. Leni mbili za upande mmoja ni mita 7. Mtu mwenye afya hutembea mita 1.2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji karibu sekunde 6. Gari la kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde. Ina maana anapoinua mguu, gari lisiwe karibu kuliko mita 165. Sasa mweke nyanya mwenye kikapu mgongoni, anayetembea mita 0.8 kwa sekunde. Anahitaji karibu sekunde 9 na zaidi ya mita 240 za nafasi. Ni nani mwenye umri huo anayeweza kupima mita 240 kwa macho jioni, taa za gari zikimmulika? Akifaulu, anasimama kwenye ukingo wa katikati, anapumua, kisha anaanza hesabu upya kwa magari yanayotoka upande wa pili.

Kuna jambo baya zaidi ambalo wahandisi wa usalama wanalijua na ambalo halionekani kwenye picha za droni. Anayevuka kutoka kando hukutana kwanza na leni ya mwendo wa pole. Dereva wa lori, mtu muungwana, anapunguza mwendo ampishe. Nyuma yake matatu inaona lori limezubaa, inahamia leni ya kulia na kukanyaga mafuta. Lori limemficha mtu asiione matatu, na limeificha matatu isimwone mtu. Uungwana wa dereva mmoja umekuwa mtego. Barabara ya leni moja kila upande haina mtego huo kwa kiasi hiki. Uliundwa na muundo mpya, na dawa yake ni moja tu: mtu apite juu au chini ya magari.

Ndiyo maana wakazi wa Murang'a na Kirinyaga walipolalamika kwamba barabara mpya inawaua, sikuona cha kushangaa. Kilichonikera ni jibu tulilozoea kupewa, kwamba vivuko viko kwenye mpango na zamu yake itafika.

Zamu? Twende kwenye ufundi. Eneo la Sagana hadi Marua ni migongo na mabonde. Mahali barabara imekatwa ndani ya kilima, kingo za pande zote ziko juu ya lami, na daraja la miguu linaweza kuunganisha ukingo na ukingo bila mtu kupanda ngazi hata moja. Mahali barabara imeinuliwa kwa kifusi, kivuko cha chini kinakuja karibu bure: unaweka boksi la zege la kutosha mtu, ng'ombe na mkokoteni, kisha unamwaga udongo juu yake. Lakini boksi hilo huwekwa kabla ya kifusi. Ukishamwaga udongo, ukashindilia, ukaweka kokoto na lami, kivuko cha chini kinahitaji uipasue barabara uliyoimaliza jana na kuyageuza magari. Kwa hiyo anayesema kivuko kitafuata lami ameshaamua, atake asitake, kwamba kitakuwa daraja la chuma lenye ngazi ndefu. Kisha tutaambiwa wananchi ni wakaidi, hawapendi kutumia madaraja.

Hilo la ukaidi nimelisikia tangu Thika Road. Daraja likiwekwa mahali ambapo ardhi ilipatikana, mbali na stendi, mama mwenye gunia la viazi hatalifuata. Mweke mhandisi mwenyewe na gunia hilo tuone.

Na tulikuwa na somo. Rais Mwai Kibaki aliifungua Thika Road tarehe 9 Novemba 2012, kilomita 50 za kujivunia. Nami nilijivunia, Mzee wa Othaya alitujengea barabara. Lakini watu walikufa wakivuka, na dharura ikajibiwa kwa matuta. Matuta, kwenye barabara kuu! Wasomaji wa zamani wa safu hii wanaujua ugomvi wangu na matuta na sitaurudia wote. Niseme tu kwamba tuta kwenye barabara iliyochorwa kwa mwendo wa kasi ni mchoraji anayetangaza hadharani kwamba alimsahau mtu. Madaraja ya miguu yaliongezwa baadaye na matuta yakaondolewa. Kenol ilipoanza kujengwa, miaka minane ilikuwa imepita. Somo lilikuwa limelipiwa, tena kwa maiti, na hakuna aliyelifungua daftari.

Kwa nini? Mimi naona sababu kwenye namna tunavyopima kazi. Asilimia ya ukamilifu inayosomwa redioni hupimwa kwa thamani ya fedha za kazi iliyofanywa. Udongo, kokoto na lami ndivyo vinavyomeza bajeti. Daraja la miguu ni sehemu ndogo. Mradi unaweza kufika asilimia tisini na kitu, waziri akapiga picha, na mtu wa Sagana asiwe na pa kupita. Kamati ya bunge inauliza asilimia, Mkaguzi Mkuu anaangalia malipo, mfadhili anasoma ripoti ya robo mwaka. Wote wanafanya kazi yao, na hakuna hata mmoja ambaye jedwali lake lina safu ya nyanya na sekunde zake tisa.

Mkataba nao una tundu lake. Katika mikataba ya mtindo wa FIDIC, ambayo wakopeshaji wakubwa huipenda, mwajiri akianza kutumia sehemu ya kazi kabla ya cheti cha kukabidhi, sehemu hiyo huhesabiwa kuwa imekabidhiwa. Nia ilikuwa kumlinda mkandarasi. Lakini mwenye mradi makini angesoma hapo onyo: ukifungua, ni yako, na kifo cha kesho ni chako. Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, iliyozaliwa na Sheria ya Barabara ya 2007, ndiyo mwajiri, ndiyo inayomlipa mhandisi mshauri, na ndiyo inayopokea ripoti ya ukaguzi wa usalama. Mchezaji, refa na mtunza saa ni mtu mmoja.

Watasema mwongozo ulikuwa wa zamani. Kweli, kwa miongo wahandisi wetu walichora barabara za vijijini kwa mwongozo wa 1979, wakati ambapo barabara ya leni nne mlimani ilikuwa ndoto. Lakini huhitaji mwongozo mpya ili kujua kwamba Karatina kuna soko.

Ndipo ninapomkumbuka John Michuki wa Kangema. Mnamo Februari 2004 matatu ziligoma, abiria walitembea kwa miguu, na kila mtu alimwambia Waziri wa Uchukuzi alegeze. Hakulegeza. Gari lisilo na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 halikutakiwa barabarani, kwisha. Michuki aliyazuia magari hadi yawe salama. Sisi tumeyafungulia magari njia kabla njia haijawa salama kwa watu. Na tukirudi nyuma zaidi, mpango wa barabara za vijijini wa 1974 ulijengwa kwa majembe ya wanakijiji wenyewe, na kipande cha barabara kikakabidhiwa mtu anayeishi kando yake akitunze kwa malipo. Hakukuwa na droni. Aliyejenga ndiye aliyevuka.

Kando kidogo: wanaosikia Sagana kwenye habari hudhani ni ile ikulu ndogo. Ile iko upande wa Kiganjo, Nyeri, mbali na hapa. Misafara hupita Sagana yetu kwa ving'ora ikielekea Sagana yao, na kwa mwendo ule hakuna kioo kinachoteremshwa.

Fedha zisitajwe kama kisingizio. Tangu Julai 2024 tunatozwa shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara, na shilingi 7 kati ya hizo zimewekwa rehani kukopa shilingi bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi. Mwenye bodaboda wa Sagana analipa kila anapojaza tangi. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za nchi hii, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu.

Upanuzi wa Rironi–Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Utapita kando ya Limuru, Naivasha, Gilgil na Nakuru, miji yenye masoko, shule na stendi kama zetu. Ombi langu kwa KeNHA na kwa Bodi ya Wahandisi ni sharti moja ndani ya mkataba: kipande chochote kisifunguliwe kwa mwendo wa kasi kabla vivuko vyake havijatumika, na anayetia saini ukaguzi huo asiwe analipwa na anayetaka kufungua. Nawe msomaji wa Gilgil, ukiitwa kwenye kikao cha maoni ya umma, usiulize barabara itaisha lini. Omba mchoro, uonyeshwe kwa kidole mahali mama yako atakapovukia.